Boksi Moja la Risasi Hamsini: Mazoezi ya Shabaha kwa Gharama Nafuu Mwambao wa Kigoma

Ufukwe mtupu humdanganya mtu. Kati ya Katonga na Ujiji kuna vipande vya mchanga ambavyo saa kumi jioni havina hata mtoto anayeoga: maji mbele, vichaka nyuma, na siku isiyo na ukungu milima ya Kongo huonekana ng'ambo kama mstari wa wino. Mwenye bastola ya leseni anayetafuta pa kujifunzia kulenga bila gharama akifika hapo hujisemea kwamba amepata uwanja wa bure. Majini hakuna watu, na risasi itazama tu.

Haizami. Kijana yeyote wa Ujiji aliyewahi kurusha kijiwe bapa kikaruka mara tano juu ya ziwa anaijua sababu, ila hajawahi kuihusisha na risasi. Kitu kinachopiga maji kwa pembe ndogo huku kinakwenda kasi huyakuta maji magumu kama sakafu. Hudunda, na kikishadunda hakuna awezaye kusema kitaelekea wapi. Kichwa cha risasi ya .22 kina uzito wa gramu 2.6 hivi, chepesi kuliko sarafu yoyote iliyomo mfukoni, lakini mtutu ukiinuliwa kinaweza kusafiri zaidi ya kilomita 1. Ndani ya umbali huo kwenye maji ya Kigoma kuna mitumbwi ya wavuvi wa migebuka na maboti ya abiria yanayotoka Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini. Usiku kuna taa za wavuvi wa dagaa, nyingi kiasi cha kumfanya mgeni adhani ni mji mwingine.

Basi ziwa litoke kwenye hesabu mapema. Unafuu wa mazoezi ya shabaha unapatikana mahali pawili: kwenye udogo wa risasi, na kwenye mazoezi yasiyotumia risasi kabisa. Anayeutafuta kwa kukwepa uwanja halali, au kwa kununua bastola ya bei ya kutupa, ataulipia baadaye kwa riba kubwa.

Kwa nini risasi ndogo

Risasi nyingi za leo zina kiwashio katikati ya kitako chake, kidoti cha duara ambacho pini ya bastola hukigonga. Risasi ya .22 haina kidoti hicho. Kemikali ya kuwashia imemwagwa ndani ya ukingo wa kitako, na pini hugonga ukingo wenyewe. Wazo hili lina asili Ufaransa, ambako mtu aitwaye Flobert mwaka 1845 alitengeneza risasi ndogo za kuchezea shabaha hata ndani ya nyumba. Kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani iliingiza sokoni bastola yake ya kwanza ya .22 mwaka 1857. Risasi inayotumika zaidi leo, ile ndefu iitwayo .22 Long Rifle, ilitoka kwa kampuni ya Stevens mwaka 1887. Umri wake ni zaidi ya karne moja na robo, na bado hakuna iliyoishinda kwa bei.

Bei hiyo ina maelezo rahisi. Shaba ya ganda ni nyembamba, baruti ni chembe tu, na kichwa ni kipande kidogo cha madini ya risasi. Bei ya risasi moja ya bastola ya milimita 9 hununua kadhaa za .22, na boksi la kawaida huwa na hamsini.

Faida ya pili hailipiwi dukani. Bastola ya .22 haimrushi mtu mkono. Anayeanza na bastola kubwa hujifunza kuogopa kabla ya kujifunza kulenga: macho hufumba, bega hukakamaa, mtutu huzama dakika ileile risasi inapotoka. Hofu hiyo ikishaingia mwilini huchukua miezi kuitoa. Kwa .22 mwili hauna cha kuogopa, kwa hiyo kosa linabaki kosa la mkono na jicho, na kosa la namna hiyo hurekebishika.

Anayedhani risasi ndogo ni ya watoto amkumbuke Károly Takács, askari wa Hungaria. Mwaka 1938 bomu la mkono lilimlipukia na kuuharibu mkono wake wa kulia, mkono wa kulengea. Alijifunza upya kwa mkono wa kushoto, bila kutangaza, na akachukua dhahabu ya Olimpiki ya bastola ya kasi mita 25 mjini London mwaka 1948, kisha akairudia Helsinki mwaka 1952. Mchezo huo mpaka leo hupigwa kwa .22.

Sheria kwanza, bastola baadaye

Mkoa wa Kigoma unapakana na Burundi kwa nchi kavu na Kongo kwa maji. Vita vya ng'ambo vimewaleta wakimbizi tangu zamani. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ipo tangu mwaka 1996. Pamoja na watu wasio na hatia, silaha nazo zimepenya. Vijijini kuna magobore ya kufulia nyumbani, na mara kwa mara hujitokeza mtu wa kunong'ona sokoni kwamba anayo "ndogo", safi, kwa bei ya mchezo.

Bastola hiyo ndiyo ghali kuliko zote. Haina karatasi, haijulikani imefanya nini huko ilikotoka, na anayekutwa nayo hushitakiwa kwa kosa zito ambalo mara nyingi husomwa pamoja na makosa ya uhujumu uchumi. Gobore nalo si la kuchezea shabaha: mtutu wake ni bomba ambalo halikutengenezwa kuhimili mlipuko, na likipasuka hupasukia usoni mwa aliyelishika. Anayejikuta na chombo cha namna hiyo, hata kama amekirithi kwa babu, akipeleke kituo cha polisi au kwa mtendaji wa kijiji. Serikali imekuwa ikitoa vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, na tangazo lake likitoka hiyo ndiyo nafasi ya kuitumia.

Umiliki halali unaongozwa na sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015. Njia yake huanzia chini kwenda juu:

1. Andika maombi ukieleza sababu ya kutaka silaha, uanzie ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji unakoishi. Wanaokujua ndio wanaoulizwa kwanza.

2. Maombi hupita ngazi ya kata, kamati ya usalama ya wilaya na mkoa, mikononi mwa polisi, hadi kwa msajili wa silaha. Kila ngazi inaweza kusema hapana.

3. Utapimwa kama unafaa: akili timamu, historia ya makosa, matumizi ya pombe na dawa, na uwezo wa kuishika silaha kwa usalama. Jifunze kabla ya kupimwa.

4. Silaha hununuliwa baada ya kibali, kwa muuzaji mwenye leseni. Anayelipa malipo ya awali kabla ya kibali hutafuta ugomvi na muuzaji.

5. Risasi hununuliwa za silaha iliyoandikwa kwenye leseni na kwa idadi inayoruhusiwa. Za kumsaidia rafiki hazipo.

Tarehe ya kuhuisha leseni iandikwe mahali panapoonekana kila siku. Mwaka 2016 polisi walipoendesha uhakiki wa silaha nchini, waliokuwa na karatasi zilizopitwa na muda walijikuta kwenye foleni ya maelezo.

> Onyo la pekee
> Bastola yenye leseni haiazimwi. Si kwa kaka, si kwa mkwe anayesafiri kwenda Uvinza usiku, si "dakika mbili tu aione". Jina lililo kwenye leseni ndilo linalowajibika kwa kila risasi.

Pa kufyatulia

Swali la kwanza la mahali pa mazoezi haliulizwi ufukweni, huulizwa kituoni. Mkuu wa polisi wa wilaya ndiye anayeweza kusema ni uwanja gani wa shabaha unaruhusiwa, siku gani, na chini ya usimamizi wa nani. Kufyatua risasi ovyo mahali pengine, hata shambani mwako huko Mahembe, kunaweza kukuletea gari la doria kabla hujamaliza magazini, na majirani watakuwa wamelala chini ya vitanda.

Watu wa mwambao wana historia ndefu ya kupiga bunduki kwa mbwembwe. Misafara ya karne ya 19 ilipoingia Ujiji ilifyatua hewani kutangaza ujio wake, na msafara wa Stanley mwaka 1871 ulifanya hivyohivyo kabla ya kumkuta Livingstone. Inaonekana baruti ya kushangilia haikukosekana hata pale ya kuwindia ilipokuwa adimu. Mila hiyo haina nafasi kwenye mazoezi ya shabaha, wala kwenye harusi. Kilichopanda hushuka.

Uwanja unaofaa hutambulika kwa mambo yafuatayo. Nyuma ya shabaha pana ukuta wa udongo laini au kingo ya ardhi iliyochimbwa wima, mrefu kumpita mtu, usio na mawe. Jiwe hudundisha risasi kama maji. Hakuna njia ya mguu inayokatiza, na wapita njia wanaonywa kwa bendera nyekundu. Wapo watu wawili au zaidi, mmoja wao akiwa hapigi. Kazi yake ni kuangalia na kusema "simama". Likisemwa neno hilo, na mtu yeyote, kila kidole hutoka kwenye triga.

Mipaka ya Gombe na Mahale haikaribiwi na silaha kwa sababu yoyote ya mazoezi. Hizo ni hifadhi za taifa, na askari wake hawatauliza kama ni ya .22.

Kanuni nne za mkono

Kabla ya hatua yoyote nyingine, kanuni hizi zishikwe mpaka mwili uzifanye bila kukumbushwa:

1. Kila bastola ina risasi. Hata hii uliyoikagua sasa hivi, ukiiweka mezani na kuiokota tena, ina risasi.

2. Mtutu hauelekei kitu ambacho huko tayari kukiharibu. Mguu wako mwenyewe umo.

3. Kidole kinakaa pembeni, kimenyooka juu ya mwili wa bastola, mpaka alama za kulengea ziwe juu ya shabaha.

4. Ijue shabaha na kilicho nyuma yake. Kopo juu ya jiwe mbele ya mto si shabaha.

Kosa la kanuni moja hunaswa na kanuni nyingine: aliyesahau kukagua chemba lakini ameelekeza mtutu ardhini atatoboa mchanga tu. Ajali kubwa huhitaji kanuni mbili zivunjwe kwa pamoja, na wanaozivunja mara nyingi ni wazoefu. Mgeni huogopa.

Mazoezi makavu

Hapa ndipo pesa inapookolewa. Mpigaji wa mashindano hutumia muda mwingi nyumbani bila risasi hata moja, kwa sababu mambo yanayoharibu shabaha hutokea kabla risasi haijatoka. Baruti haifundishi chochote ambacho mkono haujafanya tayari.

Kuna tahadhari ya kiufundi inayowapita wengi. Bastola nyingi za .22 hazipendi kufyatuliwa tupu. Kwa kuwa pini hugonga ukingo, risasi isipokuwepo pini huweza kugonga mdomo wa chemba, ukaingia alama au pini ikavunjika. Kitabu cha bastola husema kama inaruhusiwa. Kama hakisemi, tumia risasi bandia za plastiki zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Maganda yaliyokwisha kutumika yanaweza kusaidia kwa dharura, ila yanafanana mno na risasi nzima machoni pa mtu aliyechoka.

Fanya hivi, dakika 10 kwa siku, mara 4 kwa wiki:

1. Toa magazini. Vuta sehemu ya juu nyuma, tazama chemba kwa jicho, ingiza ncha ya kidole uhakikishe. Rudia mara tatu.

2. Peleka risasi zote chumba kingine na ufunge mlango. Usiiruke hatua hii kwa sababu bastola "umeshaikagua".

3. Chagua ukuta ambao hata ukikosea hautaua: tofali zilizojazwa, si ubao wala mabati, na upande wa pili pasiwe pa kulala mtu.

4. Bandika karatasi nyeupe isiyo na alama. Ndiyo, nyeupe tupu. Jicho lisipokuwa na duara la kukimbilia hujifunza kutazama alama ya kulengea iliyo mbele ya mtutu.

5. Panga alama hiyo katikati ya pengo la nyuma, vimo vikiwa sawa, mwanga ukiwa sawa kushoto na kulia. Alama ya mbele ionekane kali. Karatasi ibaki na ukungu. Jicho la mtu haliwezi kuona vyote vitatu vikali kwa wakati mmoja, na anayejaribu huchoka bure.

6. Vuta pumzi, itoe nusu, isimamishe. Kandamiza triga polepole, moja kwa moja kwenda nyuma, mpaka mlio wa "ta" ukushtue kidogo. Zikipita sekunde kama 8 bila kufyatua, shusha mkono, pumua, anza upya. Jicho likikodoa sana huanza kudanganya.

7. Ukimaliza, sema kwa sauti: "Mazoezi yamekwisha." Funga bastola. Ajali nyingi za nyumbani hutokea pale mtu anaporudisha risasi halafu akataka "moja ya mwisho".

Ukishaizoea hatua ya 6, weka sarafu ya shilingi 100 juu ya bastola, karibu na mdomo wa mtutu, au mwombe mwenzako aiweke huku yeye akisimama kando yako, nyuma ya mdomo wa mtutu. Fyatua. Ikidondoka, umeivuta triga kwa pupa. Ikibaki mara 10 mfululizo, umefika mahali ambapo wengi waliochoma maboksi ya risasi hawajafika. Sarafu hiyo ni mwalimu mkali asiyelipwa.

Nguvu za mkono nazo zinajengwa bila bastola. Chupa ya maji ya lita moja ina uzito wa kilo moja, karibu sawa na bastola ya mashindano. Inyanyue mkono ukiwa umenyooka, ishike sekunde 30, pumzika dakika moja, mara 5. Siku ya kwanza utatetemeka kama mtu wa homa.

> Kwa asiye na leseni
> Jeshi la Akiba, yaani mgambo, huendesha mafunzo wilayani, na shabaha ni sehemu yake. Ulizia ofisi ya mshauri wa mgambo. Vijana wanaopita JKT, kwa mfano Bulombora, Kanembwa au Mtabila, hufundishwa kulenga chini ya wakufunzi. Nyumbani, manati iliyotengenezwa kwa panda ya mpera na mpira wa tyubu, gololi za udongo mfinyanzi zilizokaushwa juani, na kopo umbali wa mita 10 mbele ya kitenge kikuukuu kilichoning'inizwa kunasa gololi, vinafundisha jicho na subira kwa gharama ya jasho. Macho yalindwe kwa miwani, na ndege waachwe. Bunduki ya upepo isinunuliwe kabla ya kuuliza polisi. Na usichonge bastola ya mti ukatembea nayo: usiku wa mtaa wa Mwanga hakuna atakayesubiri aone kama ni mninga.

Siku ya boksi moja

Anayekwenda uwanjani bila mpango humaliza risasi hamsini ndani ya robo saa na kurudi na matobo yaliyotawanyika ambayo hayamwambii kitu. Hamsini zinatosha asubuhi nzima zikigawanywa.

*Risasi 10 za kwanza, mita 7.* Karatasi nyeupe isiyo na duara. Lengo ni matobo yakaribiane, popote yalipo. Yakijikusanya ndani ya kiganja, mkono unarudia jambo lilelile. Hata kama yako pembeni, hilo ni la kurekebisha baadaye.

*Risasi 10, mita 7, magazini ikipakiwa na mwenzako.* Achanganye risasi bandia humo bila kukuambia. Ukifyatua ile bandia na mtutu ukazama, umejiona mwenyewe ukiogopa mlio ambao haukutokea. Anayefanya zoezi hili kwa mara ya kwanza mara nyingi hucheka, halafu huona haya.

*Risasi 15, mita 10.* Sasa weka duara. Piga tano, pumzika, andika. Usitembee kwenda kutazama kila tobo.

*Risasi 10, mita 25.* Huu ni umbali wa mashindano. Kwenye karatasi ya kimataifa ya bastola mita 25, duara la pointi 10 lina kipenyo cha milimita 50, upana wa chungwa dogo. Usitarajie makubwa. Kazi ya hatua hii ni kukuonyesha jinsi kosa dogo la karibu linavyokuwa kubwa kwa mbali.

*Risasi 5 za mwisho, rudi mita 7.* Polepole kuliko zote. Mwili ukumbuke pigo zuri.

Daftari la shule linatosha kwa kumbukumbu: tarehe, aina ya risasi, umbali, upana wa kundi la matobo kwa sentimita, na neno moja kuhusu hali ya mwili. Baada ya maboksi matatu daftari litaonyesha mambo ambayo mtu mwenyewe hangeyakubali, kwa mfano kwamba siku za njaa matobo huteremka.

Makosa yanayojirudia

Kubwa kuliko yote ni kuinyakua triga. Kwa anayetumia mkono wa kulia, matobo hushuka chini kushoto. Kwa anayetumia kushoto, chini kulia. Wengi hudhani bastola ina hitilafu na kuanza kuchezea alama za kulengea. Rudi kwenye sarafu.

La pili ni kufukuza risasi. Moja imekwenda juu, mtu analenga chini makusudi, inayofuata inakwenda chini, analenga juu. Kundi zima likiwa pembeni ndipo unaporekebisha, tena baada ya risasi tano, si moja.

Kuna kuchungulia pia, yaani kuinua kichwa papo hapo kuona ulipopiga. Kaa na alama ya mbele mpaka moja-mbili zipite. Karatasi haikimbii.

Na kuna ununuzi. Anayeanza huvutiwa na vifaa: mfuko wa ngozi, kitako cha kuchonga, miwani ya rangi. Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Mturuki Yusuf Dikeç alisimama mbele ya dunia na miwani yake ya kawaida, mkono mmoja mfukoni, akachukua medali ya fedha ya bastola ya upepo mita 10 pamoja na mwenzake Şevval İlayda Tarhan. Picha yake ilizunguka kwenye simu za watu mpaka Kigoma. Tusidanganyane: bastola aliyoishika haikuwa ya bei rahisi, na miaka ya mazoezi nyuma yake haikuwa michache. Lakini kilichokosekana mwilini mwake, zile zana za kichwani na machoni walizovaa wenzake, hakikumpunguzia kitu.

Risasi ikigoma

Risasi za .22 hugoma mara nyingi kuliko nyingine. Kemikali ya kwenye ukingo husambazwa kwa kulizungusha ganda kiwandani, na pakibaki sehemu tupu pini hugonga bure. Unyevu wa mwambao huongeza tatizo, kwa kuwa kichwa cha .22 hakijakazwa kama cha risasi kubwa. Kati ya Novemba na Aprili, mvua zinaponyesha, risasi zikae kwenye kopo linalofunga vizuri, na mfuko mdogo wa mchele mkavu ndani yake. Zikidondoka mchangani zisirudishwe kwenye magazini kabla ya kufutwa. Kichwa chake kina mafuta ya nta yanayobeba mchanga moja kwa moja hadi kwenye mtutu.

Umekandamiza triga, umesikia "ta", hakuna mlipuko:

1. Usigeuze bastola kuitazama. Iache ielekee shabaha na uhesabu sekunde 30. Risasi huweza kuchelewa kuwaka.

2. Toa magazini, kisha toa risasi iliyogoma, mtutu ukiwa bado mbele.

3. Iweke kwenye chombo cha peke yake umkabidhi msimamizi. Haipigwi nyundo, haitupwi motoni, haifunguliwi kwa koleo, na haitupwi jalalani ambako watoto huokota vyuma chakavu.

Hatari zaidi ni mlio hafifu, kama kizibo cha soda. Hapo kichwa huenda kimekwama ndani ya mtutu. Simama kabisa. Toa kila kitu, hakikisha chemba ni tupu, na mtutu ukaguliwe kutokea upande wa chemba na fundi au mkufunzi. Anayepuuza na kufyatua nyingine nyuma yake hupasua mtutu.

Masikio, mikono, nyumba

Kwa kuwa .22 ni ndogo, wengi hupiga bila kuziba masikio. Mlio wa bastola ya .22 huvuka desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja tu unaweza kudhuru. Usikivu ukipotea haurudi. Pamba haizuii, vaa vizibo vya povu au vifuniko vya masikio kama vya mafundi wa mashine. Miwani nayo ni lazima, kwa sababu ganda la moto hurukia pembeni, mara nyingine usoni.

Kichwa cha risasi ni madini yale yale yanayoitwa risasi, na kiwashio mara nyingi kina mchanganyiko wake pia. Moshi wake ni sumu inayojikusanya mwilini taratibu, na watoto na wajawazito ndio wanaoumia zaidi. Hakuna kula muhogo wa kuchoma katikati ya mazoezi. Nawa mikono na uso kwa sabuni na maji baridi kabla ya kugusa chochote, badili shati kabla ya kumbeba mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

Nyumbani, bastola hukaa kwenye kasha la chuma lililofungiwa ukutani, risasi kwenye kasha jingine, na funguo zisikae juu ya kabati ambako kila mtoto wa nyumba anazijua. Kama kuna mtu nyumbani anayepita kipindi kizito cha huzuni au hasira, peleka bastola polisi waihifadhi mpaka hali itulie. Mwenye leseni akifariki, familia iikabidhi kituoni pamoja na risasi zake. Matanga yasiishe bado imo chini ya godoro.

> Orodha ya mfukoni, siku ya mazoezi
> ☐ Leseni halisi, si picha ya simu
> ☐ Ruhusa ya uwanja, na jina la msimamizi wa siku hiyo
> ☐ Bastola tupu kwenye kasha lililofungwa. Risasi kwenye mfuko mwingine
> ☐ Boksi moja, limehesabiwa: zinazoondoka, zinazotumika, zinazorudi
> ☐ Miwani na vizibo vya masikio, jozi ya ziada kwa anayesindikiza
> ☐ Karatasi nyeupe tano, gundi ya ngano, kalamu, daftari
> ☐ Kitambaa, mafuta kidogo ya bastola, na brashi ya mtutu
> ☐ Kopo la risasi zilizogoma
> ☐ Maji ya kunywa, na mengine ya kunawa pamoja na sabuni
> ☐ Sanduku la huduma ya kwanza, na gari lililokubaliwa la kumpeleka mtu Maweni, hospitali ya mkoa, iwapo litatokea la kutokea
> ☐ Maganda yote, pamoja na risasi zilizogoma au kubaki, yamehesabiwa kabla ya kuondoka: hamsini